Mama Aliyeuliza Swali

Jumapili moja ya mavuno, ibada ilipokwisha na mnada wa ndizi na kuku ukiendelea nje ya kanisa, binti mmoja mjamzito alitujia sisi akina mama tuliokuwa tumekaa chini ya mti. Mkononi alikuwa na kadi ya kliniki aliyopewa wiki ile.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba, mwanetu. Vipi hali?"

Akaketi, akaeleza. Nesi alikuwa amemwambia arudi na mwenzake ili wapimwe. Alipouliza kila kipimo ni cha nini, aliambiwa anyooshe mkono tu, wengine wanasubiri. Aliporudi nyumbani, mama mkwe alimwambia kwamba mtu mwenye imani hahangaiki na vipimo. Aombe, mtoto atazaliwa salama. Basi akatuuliza: "Nikiuliza tena kliniki wataniona mkorofi. Nikiuliza nyumbani wataniona sina imani. Nifanyeje?"

Hatukumjibu papo hapo. Mwenzetu mmoja, ambaye sasa ni bibi, aliinamisha kichwa. Mdogo wake alibeba mimba mwaka 1990, akaenda kliniki, akatolewa damu, akaambiwa ni ya kuangalia kaswende. Mtoto alizaliwa, akadhoofu, akafa kabla ya kutimiza miaka miwili. Baadaye mama naye alifuata. Hakuna aliyewahi kumwambia mama yule jambo lolote kuhusu damu yake zaidi ya lile la kaswende.

Tunaandika insha hii kwa ajili ya binti yule na kwa ajili ya bibi yule. Sisi ni wanawake wa usharika mmoja katika mkoa wa Kagera, si madaktari. Lakini jambo la kupimwa damu ya mama mjamzito lina historia katika nchi zetu za Maziwa Makuu, na Kanisa limekuwamo ndani yake tangu mwanzo, mara likifanya vema na mara likikosea. Tukiijua historia hiyo tutaweza kumjibu binti yetu bila kumtisha na bila kumdanganya.

Kwanza tuanze na Maandiko

Luka anatueleza kwamba malaika alipomletea Mariamu habari ya kubeba mimba, Mariamu hakuitikia mara moja. Aliuliza jambo hilo litawezekanaje, maana hakuwa amejua mume. Malaika hakumkemea. Alimweleza, akampa na mfano wa Elisabeti, jamaa yake, ambaye alikuwa katika mwezi wa sita. Ni baada ya maelezo hayo ndipo Mariamu alipotoa neno lake la kukubali. Tunapolisoma simulizi hili wakati wa Majilio huwa tunakimbilia kukubali kwake, tunaruka swali lake. Lakini mpangilio wa Luka ni huu: habari, swali, maelezo, kisha kukubali.

Wako watakaosema kwamba Zekaria naye aliuliza, akafanywa bubu. Ni kweli. Lakini tusome vizuri. Zekaria alitaka uthibitisho kwa sababu hakusadiki maneno aliyoambiwa, na malaika alisema hivyo waziwazi. Mariamu alitaka kuelewa ili aweze kukubali. Anayeuliza ili apate njia ya kukataa neno ametofautiana na anayeuliza ili aitikie kwa akili yake yote. Mama mjamzito anayemuuliza muuguzi, "Kipimo hiki ni cha nini?" yuko upande wa Mariamu.

Mengo na hofu ya kaswende

Wakristo wa kwanza wa kiinjili upande wetu wa Kagera waliipata Injili Buganda, ng'ambo ya mpaka wa sasa. Kwa hiyo yaliyotokea Buganda ni sehemu ya historia yetu pia. Huko Mengo, daktari mmisionari Albert Cook alianzisha hospitali mwaka 1897, na mkewe Katharine, aliyekuwa muuguzi, alifanya kazi kubwa miongoni mwa wanawake.

Mwaka 1907 serikali ya Uingereza ilimtuma Uganda daktari wa jeshi, Kanali Lambkin, achunguze ugonjwa wa kaswende. Mwaka uliofuata alichapisha maelezo yake katika jarida la kitabibu la The Lancet. Alidai kwamba zaidi ya nusu ya watu wa Buganda walikuwa wameambukizwa na kwamba taifa zima lilikuwa hatarini kutoweka. Na kati ya sababu alizozitaja, alitaja Ukristo, kwa kuwa kwa maoni yake ulikuwa umewafungua wanawake kutoka ulinzi mkali wa zamani. Wamisionari hawakukubali kwamba Injili ndiyo iliyoleta ugonjwa, lakini wengi wao walikubali kwamba tatizo kuu lilikuwa mwenendo wa watu, na hasa mwenendo wa wanawake.

Yaliyofuata yanatuhuzunisha. Machifu walitumika kuwaita watu waje kuchunguzwa. Wanaume na wanawake walikaguliwa miili yao, na waliosemekana kuwa wagonjwa walidungwa sindano za zebaki, matibabu yaliyokuwa na maumivu na madhara yake. Manung'uniko yakawa makubwa, hasa juu ya ukaguzi wa lazima, mpaka ukaachwa.

Sasa tuangalie jambo ambalo watu wale hawakuelezwa, na ambalo wakaguzi wenyewe hawakulielewa sawasawa. Kipimo cha damu cha kaswende kilikuwa kimepatikana Berlin mwaka 1906, kwa kazi ya August von Wassermann na wenzake. Lakini Buganda wengi walihukumiwa kwa kutazamwa tu vidonda na makovu. Na hata damu ingepimwa, kipimo kile hakiwezi kutofautisha kaswende na buba. Vijidudu vya magonjwa hayo mawili ni ndugu wa karibu sana, na buba ulikuwa ugonjwa wa kawaida katika nchi zetu. Buba hauambukizwi kwa zinaa. Watoto huupata kwa kugusana ngozi wakicheza. Madaktari wa baadaye walipopitia kumbukumbu zile walihitimisha kwamba sehemu kubwa ya watu walioitwa wagonjwa wa kaswende hawakuwa nayo. Wengi walikuwa wameugua ugonjwa wa utotoni, wakahesabiwa kuwa wazinzi.

Hatusemi haya ili kuwadharau akina Cook. Hofu hiyohiyo ya watoto kufa tumboni ndiyo iliyochangia kuanzishwa Mengo kwa chuo cha wakunga, Lady Coryndon, mwaka 1921, ambako wasichana wa Uganda walifundishwa kuwazalisha na kuwahudumia mama zao. Kazi ya wakunga hao iliokoa watoto wengi. Kaswende ya kweli huua watoto tumboni, na kumpima mama ni jambo jema. Kosa lilikuwa katika namna. Watu walipimwa bila kuelezwa, majibu yakafanywa kuwa hukumu ya tabia, na Kanisa likaunga mkono hukumu hiyo kabla ya kuhakikisha ukweli wake.

Damu iliyopimwa kimya kimya

Miaka mingi ilipita. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania waligunduliwa hapa Kagera. Sisi tulio na umri wa kukumbuka hatujasahau miaka ile. Ugonjwa uliitwa Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Wengine walisema ni uchawi wa watu waliodhulumiana katika biashara za mpakani. Tulizika wiki hadi wiki. Kengele ya kanisa ikilia siku isiyo ya ibada, tulijua.

Kipimo cha damu cha kutambua virusi hivyo kilianza kutumika duniani mwaka 1985. Wizara za afya zilitaka kujua ugonjwa umeenea kiasi gani, na mahali rahisi pa kupata damu ya watu wa kawaida palikuwa kliniki ya wajawazito, kwa kuwa pale damu ilikuwa ikitolewa tayari kwa ajili ya kaswende. Kwa hiyo katika nchi nyingi za Afrika, na yetu ikiwamo, damu iliyobaki baada ya kipimo cha kaswende ilipimwa virusi vya UKIMWI baada ya kuondolewa jina. Namba za maambukizi zilizotangazwa miaka ile zilitokana kwa sehemu kubwa na damu hizo. Mama mwenyewe hakuambiwa majibu, na yeyote aliyeishika damu ile hakuweza kujua ni ya nani.

Waliopanga utaratibu huo walikuwa na sababu, na tunapaswa kuzitaja kwa haki. Hapakuwa na dawa ya kumpa mama wala mtoto. Kuondoa jina kulimlinda mama asijulikane, na wakati ule kujulikana kulimaanisha kufukuzwa nyumbani. Na takwimu zile zilisaidia serikali kupanga. Hata hivyo, tunapomtazama mwenzetu aliyeinamisha kichwa siku ile ya mavuno, tunaona gharama ya utaratibu ule. Hajui kama damu ya mdogo wake ilikuwa miongoni mwa zile. Anachojua ni kwamba mdogo wake alinyoosha mkono akiamini jambo moja tu linapimwa. Kama angeulizwa, huenda angekubali kwa moyo wote damu yake isaidie wengine. Hakuulizwa.

Dawa zinapatikana, maswali yanaongezeka

Mwaka 1994 zilikuja habari zilizobadilisha maana ya kipimo. Utafiti uliofanyika Marekani na Ufaransa ulionyesha kwamba mama mwenye virusi akipewa dawa ya AZT wakati wa ujauzito na uchungu, na mtoto akaendelezwa nayo kwa wiki sita, maambukizi kwa watoto hushuka kutoka karibu 25 katika kila 100 hadi karibu 8. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na jambo la kufanya baada ya majibu.

Lakini dawa ile, kwa namna ilivyotolewa kule, ilikuwa ghali mno kwetu, tena sehemu yake ilipitishwa kwenye mshipa wakati wa uchungu, na akina mama wale hawakunyonyesha. Ndipo tafiti zikaanzishwa Afrika na Asia kutafuta njia fupi na nafuu. Mojawapo iliwashirikisha akina mama wa Dar es Salaam, Kampala, Johannesburg na Durban. Katika tafiti kadhaa za aina hiyo, baadhi ya wanawake walipewa dawa na wengine kidonge kisicho na dawa, ili watafiti walinganishe. Mwaka 1997 madaktari wawili wa Marekani, Peter Lurie na Sidney Wolfe, walipinga utaratibu huo hadharani katika jarida kubwa la kitabibu. Waliuliza: ikiwa tayari inajulikana kuna dawa inayookoa, ni halali kumpa mama wa Afrika kidonge kitupu? Wengine walijibu kwamba katika nchi hizo mama asingepata dawa yoyote nje ya utafiti, na kwamba jibu la haraka lingeokoa watoto wengi zaidi. Mwanzoni mwa 1998, matokeo ya utafiti wa Thailand yalipoonyesha kwamba hata AZT ya muda mfupi inasaidia, vidonge vitupu viliachwa.

Mjadala huo ulifanyika kwa Kiingereza, mbali na vitanda vya akina mama waliohusika. Walioitia saini fomu walikuwa mama zetu na dada zetu. Swali ambalo sisi waumini tunapaswa kulibeba ni hili: walielewa nini walipoitia saini? Saini ya mtu asiyeelewa ni wino tu.

Mwaka 1999 habari njema zilitoka Mulago, Kampala. Kidonge kimoja cha nevirapine kwa mama uchungu unapoanza, na matone ya dawa hiyo kwa mtoto ndani ya saa 72, yalipunguza maambukizi kwa karibu nusu, hata kwa watoto wanaonyonya. Kidonge kimoja! Kuanzia mwaka 2000 hadi 2002 serikali yetu ilifanya majaribio ya huduma ya kuzuia maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto katika hospitali tano: Muhimbili, KCMC, Bugando, Mbeya, na hospitali ya mkoa wetu wa Kagera. Mkoa ulioanza kuzika ukawa miongoni mwa mikoa ya kwanza kupokea.

Hiari, aibu na maziwa ya kopo

Katika miaka hiyo kupima kulikuwa kwa hiari kamili. Mama alipewa ushauri nasaha, akaulizwa kama anataka, akapima, akaja kuchukua majibu. Ulikuwa utaratibu wa heshima. Lakini wengi walikataa, na wengine walipima wasirudi kwa majibu. Tuliokuwa vijana wakati ule tunajua kwa nini. Mwanamke aliyeonekana akiingia chumba cha ushauri alikuwa ameshatangazwa. Mume aliyesikia kwamba mkewe amepima bila ruhusa angeweza kumrudisha kwao. Kisha kulikuwa na suala la maziwa. Mama mwenye virusi alielezwa kwamba achague kati ya kunyonyesha maziwa ya mama pekee na kumpa mtoto maziwa mbadala. Kwetu, mama mwenye mtoto mchanga na kopo la maziwa alikuwa amejiandikia jina la ugonjwa usoni. Mama mkwe alimpa mtoto anyonye, mama akashindwa kukataa bila kusema sababu. Uchaguzi aliopewa kwenye karatasi haukuwapo jikoni kwake.

Na Kanisa lilikuwa wapi? Tuseme ukweli. Hospitali za makanisa zilipokea wagonjwa ambao wengine hawakutaka kuwagusa, na wainjilisti wetu waliwabeba kwenye machela. Hilo ni la kumshukuru Mungu. Lakini mimbarini tulisikia mara nyingi kwamba ugonjwa ule ni mshahara wa uasherati. Mama mwaminifu aliyeambukizwa na mume wake alikaa kwenye benchi, akasikia neno hilo, akaamua hatapima kamwe. Sharika mbalimbali ziliwataka wachumba walete majibu ya kipimo kabla ya kufunga ndoa, na katika sehemu nyingine majibu yale yaliwafikia watu wasiohusika. Tulifikiri tunalinda ndoa. Wapo tuliowafundisha kwamba kipimo ni mtego.

Hapo ndipo tunaona yaleyale ya Mengo yakirudi: majibu ya damu yakifanywa hukumu ya tabia.

Kutoka hiari kwenda desturi

Watu wa afya walipoona kwamba akina mama wengi wanapotea, walibadilisha utaratibu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mhudumu mwenyewe apendekeze kipimo kwa kila mjamzito kama sehemu ya huduma ya kawaida, na mama apimwe isipokuwa akikataa. Mwaka 2008 nchi yetu ilipata Sheria ya Kudhibiti UKIMWI, inayokataza mtu kulazimishwa kupima na inayotaka majibu yawe siri. Kisha, baada ya Malawi kuonyesha njia mwaka 2011, Tanzania ilianza mwaka 2013 kumpa kila mjamzito mwenye virusi dawa za kufubaza VVU kwa maisha yake yote, bila kusubiri kinga ya mwili ishuke. Anatumia dawa, ananyonyesha, anaishi, anawalea wanawe.

Matunda yake tunayaona kwa macho. Bila huduma yoyote, kati ya watoto 100 wa akina mama wenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Huduma ikifuatwa sawasawa, hushuka chini ya 5. Katika Shule ya Jumapili ya usharika wetu wamo watoto ambao mama zao walipima, wakameza dawa, na watoto wako salama. Hatuwatofautishi na wengine, wala hatupaswi.

Lakini kila utaratibu una hatari yake. Kipimo kikishakuwa desturi, ni rahisi maelezo yakafupishwa, kisha yakatoweka. Foleni ni ndefu, wauguzi ni wachache, nao wamechoka. "Nyoosha mkono" inachukua sekunde moja; kueleza kunachukua dakika kumi. Haki ya kukataa inabaki kwenye sheria, lakini mama asiyejua anapimwa nini hawezi kukubali wala kukataa. Tumesikia pia akina mama wakiambiwa kwamba bila mume hawahudumiwi, au walete kwanza barua ya mwenyekiti wa mtaa. Nia ni njema, wanaume washiriki. Lakini mjane, aliyeachwa, na yule ambaye mumewe yuko ziwani akivua, hurudi nyumbani bila kupimwa chochote.

Tulivyomjibu binti

Basi tulimwambia nini binti yule chini ya mti?

Tulimwambia kwanza kwamba mama mkwe wake anampenda, na kwamba kuomba na kupima havigombani. Mungu anayesikia maombi ndiye aliyewapa watu akili ya kutambua kilichomo ndani ya tone la damu.

Tulimwambia pia orodha ile kwenye kadi ina maana gani, kwa jinsi tulivyoelezwa na wahudumu wenye subira. Kipimo cha VVU, tumekwisha kueleza. Kikionyesha maambukizi, hakiishii hapo. Damu hupimwa tena kwa njia nyingine kuthibitisha. Na kikionyesha usalama mwanzoni, hurudiwa baadaye katika ujauzito, maana maambukizi mapya huweza kujificha au kutokea. Kaswende hutibika kwa sindano ya penisilini, na mwenzi hutibiwa pia. Wingi wa damu huonyesha kama mama anahitaji kuongezwa madini ya chuma kabla ya siku ya kujifungua, maana asiye na damu ya kutosha hana akiba akitokwa damu. Kundi la damu hujulikana mapema ili isitafutwe usiku wa dharura. Mkojo na shinikizo la damu hutoa dalili za mapema za hatari ya kifafa cha mimba. Altrasaundi, ambayo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 ifanyike mara moja kabla ya wiki ya 24, huonyesha umri wa mimba, kama ni mapacha, na kondo la nyuma limekaa wapi.

Kisha tulimwambia kwamba vipimo havifanani. Kuna vipimo ambavyo majibu yake yanafuatwa na dawa. Kuvikataa ni kumnyima mtoto msaada ulio karibu, na sisi kama mama zake tunamsihi asivikatae. Lakini kuna vipimo vingine ambavyo majibu yake ni habari tu, kama kujua kwamba wazazi wote wawili wanabeba vinasaba vya selimundu, ambapo katika kila ujauzito mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Mwingine atataka kujua mapema ili ajiandae kumtunza; mwingine ataona habari hiyo ni mzigo kwa sasa. Katika hayo, wazazi wana uhuru wa kuamua mbele za Mungu, na usharika hauna haki ya kuwahukumu.

Mwisho tulimfundisha maswali manne, akayarudia mpaka akayashika. Kipimo hiki kinatafuta nini? Majibu yakiwa mabaya, kuna msaada gani? Nani mwingine atayaona majibu yangu? Nikihitaji muda wa kufikiri, itakuwaje? Tukamwambia aulize kwa adabu, aanze na salamu, asubiri foleni ipungue kama inawezekana, lakini aulize. Yesu mwenyewe alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Hakumwita mtu huyo mwenye imani haba.

Alipotaka kuondoka, bibi yule ambaye mdogo wake alizikwa na mtoto wake alimshika mkono. "Mwanangu," akasema, "ukienda keshokutwa, nitakusindikiza. Mume wako akija, nitakaa nje. Asipokuja, nitaingia na wewe."

Walikwenda wote watatu. Mume alikuja baada ya mzee wa kanisa kuzungumza naye jioni ile. Nesi aliyekuwa zamu siku hiyo alisikiliza maswali yote manne, akavuta kiti, akajibu moja baada ya jingine. Majibu yao tunayaacha kwao. Yaliyotuhusu sisi ni kwamba bibi aliporudi alikaa tena chini ya mti ule, akatuambia kwamba kwa miaka yote hii alifikiri kliniki ni mahali ambapo mtu hauulizi. Alisema amefurahi kuona binti akiuliza, na mtu akijibu.

Kwa hiyo tunawaomba wachungaji, wazee wa kanisa na vikundi vya akina mama: Jumapili ya Majilio mtakapolisoma tena simulizi la Mariamu, msiliruke swali lake. Na katika kila usharika wawepo wanawake wawili au watatu walio tayari kumsindikiza mjamzito kliniki, hasa asiye na mtu. Haihitaji fedha. Inahitaji asubuhi moja, na mdomo unaojua kutunza siri.